Kazi Nyepesi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo. Imeanza kwa kishindo, bila hata kunyunyiza kwanza, na kazini bandani hatukusikilizana mpaka saa za chakula. Nyapara akapiga kelele milango ifungwe, maji yasije yakaingia kwenye chungu cha kuyeyushia madini. Ikafungwa. Tukabaki humo na moshi wetu.

Na mimi sijaona siku zangu. Mwezi uliopita nilisema ni uchovu. Mwezi huu sina la kusema.

Jumanne, 4 Machi

Nimepima. Ni kweli.

Nimemwambia mume wangu, Baba Kasuku, peke yake. Alikuwa anafunga viatu, akaacha kamba mkononi, akanitazama kama mtu aliyesikia akiitwa katikati ya soko. Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akauliza, "Na kazi?"

Nikamwambia, "Funga viatu vyako."

Yeye ni saidia fundi kwenye ujenzi. Mvua ikishika hivi hakuna anayejenga. Alikuwa anavaa viatu kwenda kukaa barazani tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nieleze kazi yenyewe, maana nikija kuisoma hii nikiwa mzee nitajiona mwongo.

Tunavunja betri kuukuu za magari. Wanaume wanazipasua kwa shoka na kumwaga yale maji makali mtaroni. Sisi wanawake tunakaa chini juu ya magunia, tunachomoa mabamba ya madini ya risasi yaliyomo ndani, tunayagonga unga utoke, tunayatupa kwenye toroli. Mzee wa chungu anayayeyusha. Unga wake ni wa kijivu, mzito, unametameta ukipigwa na mwanga. Unaingia kwenye nyusi, kwenye masikio. Jioni tukitoka getini tunafanana wote kama watu wa ukoo mmoja.

Saa nne kila mtu anapewa paketi ya maziwa. Maziwa yanaosha kifua. Ndivyo tulivyoambiwa tangu siku ya kwanza, na mtu akikohoa bandani watu wanamwuliza kama amekunywa maziwa. Ya kwangu mimi siyanywi. Nayatia ndani ya ovaroli, hapa kifuani, naenda nayo nyumbani kwa mwanangu.

Huyo ndiye Kasuku. Ana miaka miwili na nusu. Tunamwita hivyo kwa sababu lolote ulisemalo analirudisha, na la bibi yake analirudisha na chumvi juu. Nikifika mlangoni anapiga kelele, "Mama anang'aa!" na kunirukia kabla sijavua kitu. Pembe ya paketi anaing'ata mwenyewe, mkasi hautaki. Kisha anadai kitambaa changu cha kichwa, hiki cha bluu ninachojifunga kazini. Ananyonya ncha yake huku amenikumbatia mpaka usingizi umchukue. Bila kitambaa hakulaliki nyumba hii. Niliwahi kukifua akakitupa chini, akasema, "Siyo Mama." Kilinuka sabuni.

Jumamosi, 8 Machi

Kicheko amenishtukia. Ndiye tunayekaa naye gunia moja, na hilo jina kalipata kwa haki yake.

"Mama Kasuku, mbona unatematema mate tangu asubuhi? Umemeza betri?"

"Tumbo tu."

"Tumbo lenye miguu au lisilo na miguu?"

Akasogea, akaendelea kugonga bamba lake ili nyapara asikie mlio.

"Sikia, shoga. Kaza ovaroli. Usiseme mpaka lenyewe liseme. Yule aliyekaa gunia hili kabla yako alikwenda kwa Tajiri na adabu zake zote, shikamoo Tajiri, nina mimba. Akaambiwa apumzike kidogo. Anapumzika mpaka leo."

"Wewe ulifanyaje?"

"Mimi? Ya kwanza ilitoka hapahapa, wala sikuomba ruhusa. Ya pili nayo ikafuata. Huyu niliye naye sasa nyumbani king'ang'anizi, akakaa." Akacheka.

Mama wa gunia la pili akasema hata yeye moja. Mwingine akanyanyua vidole viwili bila kugeuka. Walikuwa wanataja kama watu wanaotaja nguo zilizoibwa kambani. Nikaangalia magunia yote, tulivyojipanga. Nikameza mate yangu badala ya kuyatema.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Bati lililo juu ya chungu limetoboka.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimepeleka toroli kwa Mzee wa chungu. Ni mtu wa utani yule. Mkono wake wa kulia umelala, kiganja kinaning'inia tu, koleo analishika kwa kushoto. Na ufizi wake una mstari wa bluu chini ya meno, wote. Wenzetu wanasema Mzee amepaka wanja mdomoni.

"Usisimame hapo, mwanangu," akaniambia. "Lile tundu juu unaliona? Tone moja likiingia humu, hii risasi itaruka kama mafuta kikaangoni. Mimi nimeshazeeka, wewe bado una sura."

Nikamwuliza haogopi.

"Naogopa mke wangu tu."

Nikamwuliza ana watoto wangapi. Akasema watatu, na sura yake ikalainika. "Wapole hao! Mwalimu wao mwenyewe alisema hajapata kuona watoto wapole vile. Ukiwakalisha, wamekaa. Hawasumbui, hawaulizi. Shule haikuwapenda, lakini upole wameupata."

Nilirudi kwenye gunia langu nikiwaza lile tundu la bati. Kila mtu sasa anapita mbali na chungu, anatazama juu.

Ijumaa, 21 Machi

Kasuku hataki kula. Anashika tumbo, analia, kisha anasahau. Choo kigumu, siku ya tatu hii. Mama mkwe anasema mtoto amejua mwenzake yuko njiani, anasusa.

"Hata mumeo alisusa hivihivi nilipopata wa pili," akasema. "Alinigeuzia mgongo wiki mbili."

"Na akaacha lini?"

"Nani kakwambia ameacha?"

Tukacheka. Kasuku hakulirudisha neno hata moja. Nilidhani atasema "ameacha," maana ndilo la mwisho.

Jumanne, 25 Machi

Nimemwambia nyapara. Nilianza kwake kwa sababu naye ana mke mjamzito, nikafikiri ataelewa.

Alikuwa anaelekeza vijana waweke ndoo chini ya tundu jingine. Hakugeuka.

"Tajiri siku hizi hata ukimwamkia anakuangalia kama umemtukana. Mabati yanavuja, malori hayafiki. Subiri mvua iishe."

"Mvua ikiisha tumbo litakuwa limefika hapa."

"Basi litakapofika hapo atajionea mwenyewe. Mimi sijasikia kitu."

"Mkeo anafanya kazi, kaka?"

"Mke wangu yuko nyumbani," akasema haraka, kama mtu aliyeguswa kidonda. "Hapa siwezi kumleta."

Akaondoka na ndoo yake.

Jumatano, 2 Aprili

Tone limeingia.

Nilikuwa nimeegemea toroli nikivuta pumzi. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu amefyonza meno, kisha mshindo, na chungu kikarusha vitone vyeupe mpaka kwenye nguzo. Kitone kimoja kilitua kwenye gunia alipokuwa amekaa Kicheko, gunia likatoboka na kufuka moshi. Yeye alikuwa amekwenda chooni. Mzee ameungua bega. Alikaa chini akilitazama kama bega la mtu mwingine, akasema, "Si niliwaambia?"

Mkono wangu ulikuwa tumboni. Sikumbuki niliuweka saa ngapi. Nikainua macho nikaona watu wawili watatu wanautazama.

Basi. Sitangoja tumbo liseme. Kesho nasema mimi.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimesema.

Usiku sikupata usingizi wa maana, asubuhi nikampita nyapara bila kumwomba njia, nikabisha kwa Tajiri. Ofisi yake ina pazia zito na mlango unaojifunga wenyewe, na ukishajifunga humsikii hata mtu wa shoka. Sakafu inang'aa. Nilisimama kwenye gazeti lililotandikwa kwa ajili ya watu wa bandani, nyayo zetu zisichafue.

"Shikamoo, Tajiri."

"Marahaba. Sema."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yaliyotoka ni haya: "Nina mimba. Sijaja kuomba kupumzika. Naomba kazi isiyo na hatari, mpaka nitakapojifungua. Siwezi tena kuvuta toroli wala kukaa karibu na chungu."

Akavua miwani. Nikajikaza nisitazame chini. Nilikuwa tayari kusikia lile neno lake.

"Hongera," akasema.

Sikujua pa kuweka uso.

"Unafikiri mimi mnyama? Mimi nina mabinti." Akamwita nyapara, akamwambia mbele yangu, "Kuanzia leo huyu habebi kitu chochote. Chungu asikikaribie. Mpe kazi nyepesi, mpe na kiti. Na maziwa apewe paketi mbili, sasa wako wawili."

Nyapara akasema, "Sawa, Tajiri," na kunitazama kama mimi ndiye niliyemficha habari.

Nililia. Nililia mbele ya mtu, juu ya gazeti lake, kwa kuwa nilikuja nimeivaa vita na vita haikuwepo. Nilimshukuru mara nyingi mpaka akanionyesha mlango kwa mkono.

Ijumaa, 4 Aprili

Kazi nyepesi ni hii. Asubuhi nafagia unga chini ya magunia na kuukusanya kwenye debe, kwa kuwa nao una risasi, hautupwi. Mchana nakaa kibanda cha nyuma na ovaroli za watu wote. Nazikung'uta moja moja unga utoke, ndipo nazitia kwenye maji. Nje mvua, kwa hiyo nakung'utia ndani. Sinyanyui kizito chochote. Fagio na nguo.

Na nina kiti! Kicheko alikuja kukitazama.

"Malkia," akasema, akapiga goti. "Umemlisha nini Tajiri?"

"Nimemwambia ukweli."

"Ukweli huo mimi ningesema ningekuwa na hoteli sasa."

Baba Kasuku amefurahi sana. Ameniambia nilikuwa jasiri. Nimemwambia ni bahati. Lakini moyoni nilijiona mrefu kidogo.

Paketi mbili. Zote za Kasuku.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Unga mwingi. Nikikung'uta siuoni mlango.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo Kasuku hakusema, "Mama anang'aa." Nimefika nimejaa unga kuliko siku zote, nikasimama mlangoni kumngoja aseme. Akaja tu, akanyoosha mkono juu. Nikainama akakichukua kitambaa, akaenda nacho mkekani.

Jumatano, 16 Aprili

Nina ladha ya msumari mdomoni. Nikitafuna ndimu inatoka, kisha inarudi.

Jumapili, 20 Aprili

Nimekaa nyumbani mchana kutwa nikimtazama mwanangu. Zamani Jumapili nilikuwa naomba dakika moja ya kimya. Alikuwa akinifuata hadi chooni, akisimama nje ya mlango na kunisimulia habari za kuku wa jirani. Leo jirani mwenyewe amepita, amemwita, amemtania, "Kasuku, nani mwizi wa sukari?" Hilo swali jibu lake ni "Bibi!" na bibi hujifanya amekasirika. Leo alimtazama jirani, akamtazama bibi yake, akainamisha kichwa.

"Siku hizi amekuwa mpole," mama mkwe akasema, akimpapasa mgongo. "Amekua."

Mpole. Nilikuwa nachambua mchele, nikasimamisha mkono. Nimekwisha kulisikia mahali neno hilo likisemwa kwa sauti ileile ya kusifu. Nilifikiri mpaka nikakumbuka ni wapi, na baada ya kukumbuka nikatamani nisingekumbuka.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Kwamba mwanangu amekuwa na adabu?

Alhamisi, 24 Aprili

Kliniki. Muuguzi amenivuta chini kope la jicho, akasema damu yangu imepungua sana.

"Unafanya kazi?"

"Nafanya."

"Nzito?"

"Hapana, dada. Nimebadilishiwa. Nafagia na kufua."

"Hapo sawa. Usinyanyue vizito tu." Akanipa vidonge vya damu.

Nilikuwa nimefika mlangoni, nikarudi, nikamwambia kuhusu Kasuku, kwamba maneno yanampungua. Nyuma yangu kulikuwa na foleni mpaka nje kwenye mvua. Akasema watoto hufanya hivyo mama akishika mimba nyingine, nimlete kama atapata homa.

Hana homa. Natamani angekuwa nayo, tungejua tunaongea na nini.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Ameanza kucheza, wa tumboni. Mara moja tu, kama kidole kinachogonga ukuta wa jirani. Kisha kimya.

Ijumaa, 2 Mei

Kasuku amesahau kusema "maji." Ananishika mkono, ananipeleka kwenye mtungi, anauonyesha.

Jumanne, 6 Mei

Naandika kwenye benchi la hospitali. 

Asubuhi nilikuwa najifunga kitambaa niende kazini. Kasuku alikuwa ameamka, ameshika ncha yake, hataki kuiachia. Nikamvuta kidogo, kwa mchezo, kama tufanyavyo. Akavuta. Nikavuta. Halafu nikaona havuti tena, ila ngumi imekaza, na mkono mzima unatetemeka, na macho yamegeuka juu yamebaki meupe.

Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Baba yake akatoka na taulo kiunoni. Mama mkwe akasema, "Degedege, mlaze ubavu, mlaze ubavu!" Tulimlaza. Ilimtikisa ikamtikisa. Povu. Kisha akalegea, na nikadhani imekwisha, nikadhani yote yamekwisha. Baba yake aliweka sikio kifuani pake akasema, "Yupo." Tukakimbia naye mvuani, yeye kifua wazi, mimi nimevaa ovaroli ya kazini, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nimevaa.

Daktari ni mama mmoja mwembamba, haongei haraka. Alimtuliza kwa sindano. Alimpima malaria, hana. Alimpima homa, hana. Alimkunjua ngumi, na ndani yake kulikuwa na kitambaa changu, tulikuja nacho bila kujua. Alikishika kwa vidole viwili. Alikinusa. Alikisugua, akatazama ncha za vidole vyake, zimekuwa za kijivu. Ndipo akainua macho na kunitazama mimi, kuanzia nyusi mpaka viatu.

"Mama, unafanya kazi wapi?"

Nikamwambia.

"Na hivi ndivyo unavyorudi nyumbani?"

"Ndiyo."

"Na hiki?"

"Ananyonya ncha yake alale."

Aliweka kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, akaenda kunawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu. Nilimtazama mgongo wake wakati anasugua, na kabla hajageuka nilikuwa nimeshaelewa.

Alhamisi, 8 Mei

Daktari amenikalisha na baba yake, ametueleza taratibu, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sikusikia. Risasi haiko kwenye uzito wake. Iko kwenye unga na moshi. Mtu mzima inamla polepole, mtoto mdogo inamla haraka, tena ubongo kwanza. Maziwa hayaoshi kitu.

"Paketi alikuwa anaing'ata pembe," nikamwambia. "Niliileta kifuani. Humu."

Akatikisa kichwa, si kwa kunilaumu.

Nikamwuliza wa tumboni. Akasema imo kwenye mifupa yangu sasa, na mtoto anapojenga mifupa yake anachota kwenye yangu. Amechukua damu yangu na ya Kasuku. Akasema kwanza niondoke kule, leo, si kesho.

"Nilimwambia Tajiri mapema," nikasema. "Nilimwambia nina mimba. Alinipa kazi nyepesi."

"Ipi?"

Nikamwambia ya fagio na ya ovaroli. Akafumba macho.

Jumatatu, 12 Mei

Majibu ya damu yamekuja. Risasi kwenye damu yangu iko juu. Ya Kasuku iko juu kupita ya kwangu. Dawa yake imeagizwa kutoka mbali. Hajasema neno tangu siku ile, ila anatujua, anashika kidole changu.

Nyumbani wamekatazwa kufagia. Mama mkwe anapangusa sakafu kwa tambara bichi, kuta, vyombo, miguu ya kitanda, analia na kupangusa. Baba Kasuku amechimba udongo wa mlangoni, pale nilipokuwa najikung'uta kila jioni, ameupeleka mbali na kumwaga zege jipya. Mvua ilikuwa inalinyeshea zege. Alikaa kando yake amelishikia bati juu kwa mikono miwili mpaka likakauka kidogo.

Jumanne, 20 Mei

Nimekwenda kusema mara ya pili.

Sikusimama kwenye gazeti. Nilibaki mlangoni, nimeushikilia kwa mguu usijifunge. Mkononi nilikuwa na mfuko wa plastiki, ndani yake ovaroli yangu na kile kitambaa.

"Ulipotea," Tajiri akasema. "Nyapara anasema umeacha kazi bila kuaga. Baada ya yote niliyokufanyia?"

"Mwanangu yuko wodini, Tajiri. Ana sumu ya risasi. Nilimpelekea mimi, kwa nguo hizi."

"Pole sana," akasema. "Lakini ulikuja hapa ukasema una mimba. Nikakutoa kwenye chungu, nikakutoa kwenye toroli. Ulichoomba si nilikupa?"

"Ulinipa. Sikatai. Nilikushukuru na machozi, na siyarudishi. Ila mimi na wewe wote tuliogopa kizito, tukaogopa tundu la bati. Kazi uliyonipa ndiyo mbaya kuliko zote humu. Leo nimekuja kukwambia, ili usimpe mwingine."

"Watu wamefanya kazi hapa miaka yote."

"Na mimba zimewatoka wanawake kwenye magunia yako. Waulize. Mwulize Mzee habari za wanawe."

"Shusha sauti."

"Weka mabomba watu waoge. Weka chumba wavue nguo, zisitoke getini. Unga usifagiwe mkavu. Daktari ameandika namna ya kufanya, na kasema atakuja mwenyewe na watu wa afya." Nikaweka mfuko juu ya meza yake, juu ya ile meza inayong'aa. Akasogeza kiti nyuma. Kumbe naye anajua kuogopa unga, pindi ukiwa karibu naye.

"Toa hiki kitu hapa."

"Kinakaa."

"Mama Kasuku," akasema, na sauti ikawa ya upole kabisa, "wewe una matatizo. Nenda ukapumzike."

Lile neno. Nililingoja tangu Machi.

"Kupumzika napumzika mwenyewe," nikamwambia.

Nilipita bandani. Mvua ilikuwa imekatika, milango imefunguliwa, na mwanga umeingia mpaka kwenye magunia. Unga ulikuwa umesimama hewani wote, unameremeta, unatoka nje taratibu kuelekea barabarani. Niliwaambia wanawake kwa sauti, nyapara akinivuta mkono: vitambaa msirudi navyo nyumbani. Mtoto asikukumbatie hujaoga. Maziwa ni ya kushiba tu.

Mzee wa chungu alinitazama, mdomo wazi kidogo, wanja lake likionekana. Nafikiri alikuwa anawahesabu wapole wake.

Kicheko alisimama. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, fagio miguuni. Sikuwa nimejua. Alifungua kitambaa chake kichwani polepole, akabaki amekishika, anageuka huku na huku kutafuta pa kukiweka, na pande zote kulikuwa kijivu.

"Shoga," akaninong'oneza nilipompita, "na mimi nilimwambia Tajiri nina mimba. Wiki iliyopita. Nilidhani nimekuwa kama wewe."

Hakucheka.

"Leo hiihii," nikamwambia. "Twende."

Akatazama ofisini, akatazama fagio. Nilimngoja getini mpaka nyapara akafunga.

Ijumaa, 30 Mei

Anga jeupe, wiki nzima hakuna wingu. Watu wanaanika magodoro. Baba Kasuku amepata siku mbili za kazi.

Kicheko bado hajaja. Nimetuma salamu mara mbili.

Dawa ya Kasuku imefika, ameanza sindano. Daktari hajaniahidi kitu, na nimeacha kumwomba aniahidi. Wa tumboni anacheza siku moja, siku ya pili ananyamaza. Zile za kunyamaza naweka mkono pale na kusema naye sana, kwa sauti, habari zozote, za kuku wa jirani.

Leo mchana nilikuwa nimempakata Kasuku kwenye kitanda cha wodi, nimeoga mara mbili, nywele wazi. Alinitazama kichwani kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono juu, akapapasa, akakosa. Uso ukakunjamana. Midomo ikajaribu, ikaacha, ikajaribu tena. Baba yake alisimama.

"Ki-tambaa," akasema.

Neno la kwanza tangu mwezi uanze. Baba yake alikwenda dirishani akatupa mgongo. Muuguzi akapiga makofi, akasema, "Mpe, mama, mpe anachotaka!"

Nikamwambia, "Hakipo, mwanangu."

"Kitambaa."

"Hapana."

Akalia, kilio kikubwa chenye nguvu, akinipiga kifuani kwa ngumi zote mbili. Nikamshika, sikumwachia, nikamwacha anipige. Kitambaa, kitambaa, kitambaa. Nilimjibu hapana kila mara aliposema, na kila aliposema nilikuwa naomba aseme tena.